Yule nanihii... sura naijua, stori zake nazijua, jina limekimbilia wapi?

Barua za safari hii nyingi zinazunguka jambo moja, majina ya watu tunaowafahamu kabisa yanavyotuponyoka, kwa hiyo nimeziweka pamoja. Nimechagua nne, zilizobaki zinafanana mno.

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mi nina miaka 47, naumwa mgongo tu basi. Juzi nipo na mke wangu tunatembea, tukakutana uso kwa uso na jamaa niliyekaa naye dawati moja miaka minne mizima. Nikamjua palepale. Nikakumbuka anaandika kwa mkono wa kushoto, akicheka pua inapiga filimbi, aliwahi kuvunjika mkono tukiruka ukuta kukwepa vipindi, na dada yake alikuwa moto wa kuotea mbali kwenye hesabu. Sasa jina! Kila nikilitafuta linakuja Mustafa na mi najua kabisa huyu siyo Mustafa. Mke wangu kasimama pale anatabasamu anasubiri atambulishwe, nikaishia kusema "huyu ndo yule jamaa nilokuwa nakwambiaga". Sijawahi kumwambia lolote kuhusu huyo mtu. Usiku napiga mswaki, mdomo umejaa povu, jina likaja lenyewe bila kuitwa: Murtadha! Nikalitamka kwa nguvu peke yangu bafuni. Sasa inakuwaje kichwa kinatunza mpaka filimbi ya puani, halafu jina, ambalo ndo kitu cha kwanza kabisa nilichojua kuhusu yule mtu, kinalificha? Ni uzee au nimuone daktari? (Povu Mdomoni)

JIBU: Kaka Povu, la mkeo utamalizana nalo mwenyewe. La kichwa ni hivi. Umesema jina ndo kitu cha kwanza ulichojua, na karibu kila mtu anafikiri hivo, kwamba jina ni mlango na mengine yote yako ndani. Ubongo umepanga kinyume. Jina liko chumba cha mwisho kabisa, cha uani.

Mwaka 1986 wanasaikolojia wawili wa Uingereza, Vicki Bruce na Andy Young, walitoa maelezo ambayo mpaka leo watu wa fani hii wanaanzia hapo hata wanapotaka kuyapinga. Ukiona uso, kwanza ubongo unasoma umbo lake, halafu unaamua namfahamu au simfahamu, akishakuwa anafahamika ndo zinafunguka habari zake, ni nani, anafanya nini, mlijuana wapi, na jina linatafutwa baada ya hapo, kwa kupitia hizohizo habari. Kwa mujibu wao hakuna njia ya mkato inayotoka kwenye uso moja kwa moja mpaka kwenye jina. Kwa hiyo we gari lako lilipita vituo vyote vizuri tu, likazima likiwa limebakiza kimoja.

Ushahidi mmojawapo wa haya ulitoka kwenye madaftari. Young na wenzake waliwaomba watu 22 waandike kila wanapomchanganya mtu au kushindwa kumtambua, yakakusanywa matukio kama 1,000 hivi, kazi ikachapishwa 1985. Kulikuwa na waliomuona mtu wakahisi tu "huyu namjua" basi, hawajui ni nani. Kulikuwa na wa aina yako, wanajua ni nani, anakaa wapi, anafanya kazi gani, ila jina hakuna. Kilichokosekana kabisa ni kinyume chake, yaani mtu aone sura aseme "huyu anaitwa Murtadha, ila sijui ni nani wala nimemjulia wapi". Hebu jichunguze kama imewahi kukutokea. Mi nimejichunguza tangu barua yako ifike, sina hata tukio moja.

Sasa kwa nini jina liwe gumu kuliko filimbi ya puani? Hapa ndo patamu. Mwaka 1987 Kathryn McWeeny na wenzake waliwafundisha watu sura ngeni, kila sura na jina lake la ukoo na kazi yake. Ujanja ukawa hapa, Kiingereza kina maneno ambayo ni kazi na ni jina la ukoo pia, mfano Baker, ambalo maana yake ni mwokaji mikate. Neno lilelile, herufi zilezile. Ukiambiwa huyu ni mwokaji mikate unashika, ukiambiwa huyu ni bwana Baker linakutoka. Kwa hiyo shida haikuwa ugumu wa neno wala urefu wake.

Tulete nyumbani kwenye lugha yetu. Nikikwambia yule mzee ni mvuvi, kabla sijamaliza sentensi ushaona nyavu, mashua, viganja vyenye sugu, kuamka usiku wa manane, ngozi iliyochomwa na jua, na kila kimojawapo ni kamba inayoweza kukurudisha kwake siku nyingine. Nikikwambia anaitwa Mzee Mvuvi hujapata kitu. Huenda anashona viatu na maji anayaogopa. Majina yetu mengi yana maana kabisa, Subira, Furaha, Baraka, lakini maana hiyo haimgusi mwenye jina, mi nina jamaa yangu Subira ambaye hawezi kusubiri chai ipoe, na Furaha mliowahi kufanya naye kazi mnajua wenyewe. Jina linamwonyesha mtu kidole tu, halimwelezi.

Kuna na hili, vitu vya kawaida vina mbadala. Neno dawati likikupotea utasema meza, utasema "pale tulipokuwa tunakaa", watu wanaelewa, stori inaendelea na hakuna anayegundua umekwama. Murtadha haina mbadala, huwezi kusema "kitu kama Murtadha". Ndo maana lugha yenyewe ikatuhurumia ikatupa neno la dharura, nanihii, na ukisikiliza watu wakiongea utaona mara nyingi linaziba pengo la jina la mtu, "yule nanihii wa kule kwa nani".

Haya, Mustafa katokea wapi? Tazama vizuri majina yenyewe, Mu-s-ta-fa, Mu-r-ta-dha. Ulikuwa umeshika mwanzo na katikati, umekosa vipande viwili tu. Mwaka 1966 Roger Brown na David McNeill wa Marekani waliwasomea watu maana za maneno adimu, waliokwama neno likiwa kwenye ncha ya ulimi mara nyingi waliweza kutaja herufi ya kwanza au idadi ya silabi. Yaani neno halijafutika, limeitika nusu. Na William James aliandika hili mapema sana, 1890, kwamba pengo la jina lililosahaulika siyo tundu tupu, lina umbo, ukilijaza jina lisilo lake linalikataa saa hiyohiyo. Ndo ile yako ya "najua kabisa siyo Mustafa" ingawa ulilokuwa unalitaka hulijui.

Deborah Burke na wenzake (1991) wanaeleza kwamba kinachozorota ni uzi unaounganisha mtu na sauti za jina lake. Habari za mtu zina nyuzi nyingi zinazosaidiana, sauti za jina zinategemea uzi mmoja, na uzi usiotumika muda mrefu unalegea. We Murtadha hujamtaja kwa miaka mingapi? Jina la kufanana, lenye kutumika zaidi, likawahi mlango likasimama hapo, na kila ukisukuma ndo unalishtua lilelile. Ukiliacha linapoa, halafu sauti yoyote inayofanana ikipita kichwani inatosha kuamsha lile la kweli. Bafuni, na povu.

Jambo lingine ambalo pengine ulilifanya bila kujua, kumkodolea macho ukitegemea uso utakusaidia. Hausaidii. Tim Brennen na wenzake walilijaribu hili mwaka 1990, watu waliokwama kwenye jina la mtu maarufu wakaonyeshwa picha yake, karibu hakuna kitu, wakapewa herufi za mwanzo za jina, mambo yakafunguka zaidi. Inaingia akilini, kwa sababu uso ulishamaliza kazi yake kituo cha kwanza, ulichokwama nacho ni sauti. Kwa hiyo pitia alfabeti kimyakimya, a, ba, cha, da, mpaka kitu kiitike.

Ila usipitie dakika kumi! Karin Humphreys na Amy Beth Warriner wa Kanada walionyesha mwaka 2008 kwamba watu walioachwa wahangaike muda mrefu kabla ya kupewa neno, walikwama zaidi kwenye neno lilelile walipojaribiwa tena baadaye. Ni kama ubongo unajifunza njia ya kukwama. Kwa hiyo jipe sekunde chache, likigoma uliza au litafute kwenye simu, ukilipata litamke. Kwa maana hiyo kupiga kelele peke yako bafuni ndo kitu cha maana ulichofanya siku nzima ile.

Kuhusu daktari. Majina kugoma kadiri umri unavyosogea ni kawaida, hao kina Burke walipowapa watu wa rika tofauti madaftari, wazee ndo waliokwama zaidi, na hasa kwenye majina ya watu wanaowafahamu ambao hawajawasiliana nao siku nyingi. Mfano wako umekaa humohumo. Kitu cha kuangalia ni mtu mwenyewe kupotea siyo jina lake, yaani ungemwona yule jamaa usijue kama mlisoma wote, au maneno ya vitu vya kila siku yaanze kukukimbia, upotee njia unayopita kila siku, uulize swali lilelile mara tatu na watu wa nyumbani waanze kutazamana. Hapo nenda. Na ikija ghafla, ulimi mzito, uso umeshuka upande mmoja, mkono hauna nguvu, hiyo siyo ya kuandikia gazeti, kimbia hospitali saa hiyohiyo maana inaweza kuwa kiharusi.

SWALI: Shikamoo mhariri. Mi ni mama wa watoto wanne. Nikitaka kumwita huyu wa mwisho naanza na wa kwanza, nashuka mpaka wa tatu, juzi nikamwita kwa jina la mbwa, "we Simba, njoo ule", mtoto kanuna anasema simpendi. Naona aibu. (Mama wa Wanne na Mmoja)

JIBU: Marahaba mama, mwambie mtoto aje nimweleze. Samantha Deffler na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walichapisha utafiti kuhusu hili mwaka 2016, wakiwa wamewauliza watu zaidi ya 1,700. Makosa ya kumwita mtu unayemfahamu jina la mwingine hayaendi ovyo, yanabaki ndani ya kundi. Mtoto anaitwa jina la nduguye, rafiki jina la rafiki. Kufanana sura hakukuwa na nguvu, kufanana kwa sauti za majina kulichangia kidogo, kilichotawala ni yule mtu amewekwa faili gani kichwani mwako. Wewe faili lako limeandikwa "wangu, nawalisha, nawapigia kelele", ukilivuta kwa haraka huku chungu kipo motoni yanatoka majina yote yaliyomo, la kwanza kufika mdomoni ndo linalotamkwa.

Na mbwa naye yumo. Hili waliligundua hukohuko, majina ya mbwa wa nyumbani yaliingia kwenye orodha ya familia, ya paka hayakuingia. Kwa hiyo mtoto asinune, kuitwa Simba kunaonyesha yuko faili la ndani kabisa, anayepaswa kununa ni paka. Wala siyo uzee, wanafunzi wa chuo nao walikuwa na makosa yaleyale.

SWALI: Nasoma kidato cha sita, napenda baiolojia. Je, kuna sehemu moja ya ubongo inayotunza majina ya watu? Na kweli kuna seli moja ya mtu mmoja? Nimesikia sijui Jennifer Aniston. (Mwanasayansi Mtarajiwa)

JIBU: Ya Aniston, yule mwigizaji wa filamu wa Marekani, ni kweli ila watu wanaikuza. Mwaka 2005 Rodrigo Quian Quiroga na wenzake walikuwa na wagonjwa wa kifafa ambao tayari walishawekewa elektrodi, yaani vinyaya vyembamba vya kunasa umeme wa seli, ndani ya ubongo ili madaktari wajue kifafa kinaanzia wapi. Wakawaonyesha picha huku wanasikiliza seli mojamoja. Seli moja ikawa inaitika kwa picha tofautitofauti za Jennifer Aniston na kuwakalia kimya watu wengine wengi. Nyingine ikaitika kwa Halle Berry, mwigizaji mwingine, hata akiwa kavaa kinyago, na hii ndo inayonisisimua mimi, iliitika hata kwa jina lake likiwa limeandikwa tu kwa herufi. Yaani haikuwa inasoma uso, ilikuwa inamsoma mtu. Lakini usielewe kwamba seli hiyo ikifa na Halle Berry anafutika, walipima seli chache sana kati ya mabilioni, na kumbukumbu ya mtu mmoja inabebwa na seli nyingi kwa pamoja.

Majina yana eneo lake linaloyahangaikia zaidi, sehemu ya mbele kabisa ya lobu ya pembeni, kile kipande cha ubongo kilicho usawa wa sikio, upande wa kushoto. Hanna Damasio na wenzake (1996) waliona wagonjwa walioumia hapo wanashindwa kutaja majina ya watu huku wanaweza kukwambia huyo ni nani. Ila usiweke pini moja kwenye ramani ukaondoka. Carlo Semenza na Marina Zettin wa Italia walimweleza mwaka 1988 mgonjwa wao aliyeumia kushoto sehemu nyingine, nyuma zaidi, ambaye majina ya vitu vya kawaida aliyataja vizuri tu, ila majina ya watu na ya mahali yakawa yamefungwa. Hata ya ndugu zake. Ukimwuliza habari zao anakupa zote.

Upande wa pili kuna wanaopoteza uso. Joachim Bodamer, daktari wa Ujerumani, ndiye aliyeipa hali hiyo jina la prosopagnosia mwaka 1947, akieleza watu walioumia kichwani vitani. Mtu kama huyo anaona pua, anaona macho, anakwambia huyu ni mwanamke, lakini hajui kama ni mke wake mpaka aongee, akisikia sauti tu anamjua na jina linakuja. Hapo unaona mwenyewe kwamba habari za mtu na jina lake vipo salama, ulioziba ni mlango mmoja tu wa kuingilia. Ukifika chuo utakutana na mengine ya ajabu zaidi, sikumalizii utamu.

SWALI: Kwenye vikao tukijitambulisha kwa zamu sishiki hata jina moja. Nifanyeje? (Zamu Yangu)

JIBU: Hayo hujayasahau, hayakuingia. Malcolm Brenner alikaa na watu kuzunguka meza mwaka 1973, kila mmoja anasoma neno kwa zamu, walipoulizwa baadaye kila mtu alikumbuka lake vizuri, na yale yaliyosomwa karibu na zamu yake, hasa kabla tu hajasoma, yalikuwa hayapo. Na we ndo hivohivo, jirani anasema jina lake, kichwani unapanga utakavosema lako.

Jiandae mapema ukiwa bado nje, halafu zamu ikipita chagua watu wawili watatu, usitake wote. Jina la mtu lijaribu kichwani baada ya dakika moja, tena baada ya tano, tena ukiwa njiani kurudi, muda uwe unaongezeka, Landauer na Bjork walilipima hili kwa majina mwaka 1978 na mpangilio wa kuongeza muda ukashinda wa kurudia kwa muda ulio sawa. Lazima ulivute mwenyewe lakini, kulisoma tu kwenye beji yake siyo kujaribu. Likigoma muulize kikao kisijaisha, "samahani, jina lako sikulidaka", maana dakika ya kumi hilo ni swali la kawaida, mwezi wa sita linakuwa kesi.